Gradius: uanze na toleo lipi, na kwa nini kufa mara moja kunaharibu kila kitu

Mkuu, umeuliza toleo lipi la nyumbani la Gradius, gemu la Konami la kurusha ndege ya anga na kufyatua maadui, uanze nalo, na kwa nini ukipoteza ndege moja tu gemu zima linakushinda. Naanza na hilo la pili, ndilo linalowakatisha wengi tamaa.

Ukifa unanyang'anywa silaha zote na kurudishwa nyuma na bunduki ya kawaida na mwendo wa konokono. Sasa piga hesabu. Kila kapsuli nyekundu unayookota kwa maadui inasogeza taa ya safu ya silaha chini ya skrini nafasi moja: Speed Up (mwendo) ni 1, Missile (kombora) 2, Double (risasi mbili, mbele na juu) 3, Laser (mwale) 4, Option (mpira mdogo unaokufuata) 5, ngao yenye alama ya "?" ni 6. Ukibonyeza kuchukua, taa inaanza upya. Speed Up mbili, Missile, Laser na Option mbili ni kapsuli 18. Ukifufuliwa karibu na bosi (adui mkubwa wa mwisho wa hatua), utazitoa wapi?

Kwa hiyo baada ya kufa usiikimbilie Laser. Chukua Speed Up moja, kisha vumilia mpaka Option ya kwanza, maana inafyatua kila unachofyatua wewe. Speed Up zisizidi mbili au tatu. Zaidi ya hapo ndege inateleza na utajigonga mwenyewe kwenye mwamba. Kosa jingine: Double na Laser havikai pamoja. Una Laser, kidole kikateleza taa ikiwa kwenye Double, Laser imekwenda. Ngao nayo inakinga mbele tu.

Option hufuata njia uliyopita, na ukisimama nazo zinasimama palepale. Panda juu kidogo kabla ya kutulia, zitajipanga wima na kufunika nusu ya skrini. Hii ndiyo siri ya hatua ya Moai, yale masanamu ya vichwa vya mawe.

Matoleo. Mashine ya sarafu ya Konami ya 1985 (nje ya Japani iliitwa Nemesis) inakupa Option nne. Ya NES (mashine ya nyumbani ya Nintendo) ya 1986 inakupa mbili, kwa sababu mashine ile haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja. Vikizidi, risasi zinapepesa na kupotea machoni huku bado zinaua. Ya MSX (kompyuta ya nyumbani) ni ngumu kwa macho: chipu ya picha haina uwezo wa kuviringisha skrini, hivyo mandhari inaruka hatua hatua. Ila ina hatua ya mifupa ambayo mashine ya sarafu haina. Ya PC Engine (mashine ya nyumbani ya NEC) ya 1991 iko karibu sana na asili.

Ushauri wangu: jifunzie kwenye NES, ni ya huruma kuliko zote. Simamisha gemu, bonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha endelea; utapata silaha karibu zote. Ukizoea, chukua mkusanyiko wa Konami wa 2019, Arcade Classics, unaokuruhusu kuhifadhi popote. Kwenye TV bapa washa hali ya gemu, vinginevyo ndege itachelewa kuitikia kidole.

Na ukifika Gradius III ya Super NES (mashine iliyofuata NES), usirudie mfuatano uleule wa vitufe: ndege inalipuka. Badala ya kushoto na kulia, tumia vitufe vya L na R.