Baridi Yabisi na Mishipa ya Damu: Nitembee au Nipumzike?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 54, na huu ni mwaka wa 6 nikiwa na baridi yabisi ya rumatoidi. Natumia methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, kila wiki. Kliniki wamesema presha imeanza kupanda, nifanye mazoezi kulinda mishipa ya damu. Ndugu zangu wananikataza, wanasema nitamaliza viungo. Nimsikilize nani?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Wasikilize kliniki. Rumatoidi haiishii kwenye vidole na magoti. Kemikali zilezile zinazovimbisha viungo huzunguka na damu na kuchokoza utando mwembamba ulio ndani ya mishipa. Utando huo ndio unaotoa gesi ya naitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa upanuke. Gesi ikipungua, mshipa hukakamaa na mafuta huganda ukutani mapema. Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya huzidisha kwa 1.5 makadirio ya hatari ya moyo kwa wagonjwa wa rumatoidi. Na usitulizwe na kipimo kizuri cha kolesteroli wakati viungo vimevimba, kwani ugonjwa ukiwa mkali huishusha kolesteroli huku hatari ikibaki palepale.

Unapotembea kwa kasi, damu husugua ukuta wa mshipa, na msuguano huo huuamsha utando utoe gesi zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 uliwafuatilia wagonjwa 40 kwa miezi 6. Waliopewa mazoezi yaliyopimwa kulingana na kila mmoja, mishipa yao ilipanuka vizuri zaidi.

Anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku 5 kwa wiki. Ongeza kidogo kila wiki hadi ufikie dakika 150 kwa wiki. Kasi iwe ile unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Usitoke alfajiri viungo vikiwa bado vimekaza, subiri vilegee. Vaa viatu vya soli laini vyenye nafasi ya vidole. Ndala hazifai.

Siku 2 kwa wiki ongeza mazoezi ya nguvu: inuka kitini mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Kisha usukume ukuta. Viganja vikiuma, tumia mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Pumua wakati wote, kwa sababu kubana pumzi huipandisha presha ghafla.

Maumivu ya ziada yakidumu zaidi ya saa 2 baada ya zoezi, ulizidisha. Safari ijayo punguza, usiache. Kiungo kikivimba na kupata moto, kikunje na kukinyoosha taratibu bila uzito. Shingo ilinde sana: rumatoidi huweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo, kwa hiyo usibebe ndoo kichwani wala kuzungusha shingo kwa nguvu. Ukihisi ganzi mikononi, mwone daktari kabla ya kuendelea. Na tafadhali usimeze diklofenaki ili uweze kufanya mazoezi: huficha onyo la maumivu, na huweza kupandisha hiyo hiyo presha.

Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida: simama, nenda hospitali. Vidonda vya miguu visivyopona, madoa meusi kandokando ya kucha au wayo unaolegea na kuburuzika wakati wa kutembea pia havingoji, maana huenda mishipa yenyewe imevimba.

SWALI: Nina rumatoidi na natumia atenololi, dawa ya presha. Hata nikitembea haraka, mapigo hayapandi inavyotakiwa. Nikaze zaidi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, kaka. Atenololi huyazuia mapigo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi haitakupa jibu. Jipime kwa mazungumzo kama tulivyoeleza hapo juu, au kwa jitihada: 0 ni kukaa, 10 ni mwisho wa nguvu zako. Tembea kwenye 5 au 6. Na usiiache dawa hiyo kwa ghafla ili upate mapigo makubwa. Moyo unaweza kudhurika.