Aliyeanza kwa kukagua madigadi

Mhariri, mmeuliza kama mkuu wa kampuni ya magari lazima awe amepanda kutoka kiwandani, au anatosha mtu yeyote ajuaye biashara. Najua wengi watajibu "kiwandani" na kumtaja Mary Barra wa General Motors (GM), kampuni ya magari ya Marekani. Nami namtaja huyo huyo, ila kwa sababu nyingine.

Baba yake alikuwa fundi wa kalibu Pontiac, tawi la GM, kwa miaka 39. Binti aliingia GM mwaka 1980 akiwa na miaka 18, akikagua madigadi na boneti huku akisoma katika chuo cha kampuni hiyo hiyo. Akapata shahada ya uhandisi wa umeme, akasomeshwa biashara Chuo Kikuu cha Stanford, akaja kuwa meneja wa kiwanda cha Detroit-Hamtramck. Halafu mwaka 2009, mwaka ule GM ilipofilisika, akapewa idara ya wafanyakazi. Injinia mzima kupelekwa kwenye mambo ya likizo na mishahara! Mtu angedhani ametupwa kando. Mimi naona hapo ndipo uongozi wake ulipoanza. Alikuta kanuni ya mavazi yenye kurasa kumi, akaifuta, akaacha agizo moja: vaa inavyofaa. Alitaka mameneja waamue wenyewe badala ya kujificha nyuma ya karatasi.

Mwaka 2011 alikabidhiwa uundaji wa magari, na Januari 2014 akawa mkurugenzi mtendaji. Kiti hakijapata joto, likazuka suala la swichi ya ufunguo wa kuwashia gari. Chemchemi yake ilikuwa dhaifu. Goti likigusa, au ufunguo ukibeba mzigo wa funguo nyingine, swichi inarudi nyuma, injini inazimika gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajalini haifunguki. Magari milioni 2.6 yakarudishwa, na mfuko wa fidia ukakubali vifo 124. Kinachoniuma mimi niliyeuza spea ni hiki: mwaka 2006 swichi ilirekebishwa kimyakimya, namba yake ikabaki ile ile. Atajuaje mtu ipi mbovu, ipi nzima?

Sasa angalieni. Mama huyu alikuwa ndani ya kampuni kwa miaka 33, na tatizo lilikuwa likizunguka humo kwa zaidi ya miaka kumi, lakini kwa maelezo yake mwenyewe alilifahamu baada ya kukalia kiti. Uchunguzi ulikuta ugonjwa huo una hata jina, "kutikisa kichwa kwa GM": watu mkutanoni wanatikisa vichwa kukubali mpango, wakitoka nje hakuna anayeutekeleza. Kujua bati hakukumsaidia kusikia. Aliwafukuza watu 15, akawaambia waliobaki kwamba hataki mkasa huo usahaulike.

Wala kiwanda si njia pekee. Lee Iacocca aliingia Ford mwaka 1946 kama injinia mwanafunzi, akaomba ahamishiwe mauzo, akafika urais wa kampuni. Alipotimuliwa mwaka 1978 alikwenda kuiokoa Chrysler, kampuni nyingine ya magari, na silaha yake kubwa ilikuwa ulimi.

Basi jibu langu: aliyetoka kiwandani ana nafasi nzuri zaidi, lakini ningekuwa kwenye bodi nisingemwuliza alianzia wapi. Ningemwuliza mtu wa mwisho aliyemletea habari mbaya yuko wapi leo.