Uliza Santuri: Kama zote ni kopi, Karen Dalton anasifiwa kwa lipi?

SWALI: Ndugu wa safu, habari za kazi. Mimi napiga gita kwenye bendi ya hotelini hapa Arusha, na kazi yetu kubwa ni kopi, yaani kupiga nyimbo za wengine, ukweli ndo huo. Kuna mshkaji kanirushia albamu ya 1971 inaitwa In My Own Time, ya dada mmoja Mmarekani, Karen Dalton, akaniambia huyu ni hatari. Nacheki nyimbo naona When a Man Loves a Woman, naona How Sweet It Is, nikasema si kopi tu kama sisi, halafu sauti yenyewe kama mtu ana mafua. Naomba kueleweshwa, huyu anasifiwa nini hasa? Na hela ya kopi huwa inaenda kwa nani? – Mpiga gita, Arusha

JIBU: Mpiga gita, salama kabisa. Hapo kwenye mafua nimecheka bana, ila hauko peke yako, ile sauti wengi inawashinda siku ya kwanza, ina mikwaruzo, inakatika katikati ya neno, na watu walikuwa wanamfananisha na Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazi, mpaka inasemekana mwenyewe akawa anakereka. Bob Dylan kwenye kitabu chake cha kumbukumbu cha 2004 anasema kwenye vile vilabu vya Greenwich Village, New York, mwanzoni mwa miaka ya 60, mwimbaji aliyemkubali kuliko wote pale ni huyu, kwamba ana sauti ya Billie Holiday na anapiga gita kama Jimmy Reed, mkali wa bluzi. Sasa Dylan, mtunzi kama yule, anamvulia kofia mtu anayeimba nyimbo za wenzake, si bure hiyo.

Karen alizaliwa Texas 1937, akakulia Oklahoma, akaingia New York na gita la nyuzi 12 na banjo ya shingo ndefu. Katika uhai wake alitoa albamu mbili tu, 1969 na 1971, na zote ni nyimbo za wengine. Studio alikuwa haipendi. Ile ya kwanza inasimuliwa kwamba prodyuza Nik Venet alishajaribu kumrekodi mara kadhaa ikagoma, akaona amwite kwenye sesheni ya kurekodi ya mwimbaji mwenzake Fred Neil, akamwomba aimbe wimbo mmoja tu wa kuweka kwenye mkusanyiko wake binafsi, akaimba, ukaja mwingine, na mwingine, usiku huohuo sehemu kubwa ya albamu ikawa imeshaingia kwenye tepu. Ya pili, hiyo uliyotumiwa, ilirekodiwa studio ya Bearsville kule Woodstock, jimbo la New York, prodyuza akiwa mpiga besi Harvey Brooks, na ilichukua muda maana Karen ili akili itulie ilibidi akachukue kwanza watoto wake, mbwa na farasi kutoka Oklahoma. Ndio, farasi.

Haya, chukua hiyo When a Man Loves a Woman. Weka kwanza ya Percy Sledge, aliyeiimba mwanzo, ya 1966, halafu weka ya Karen. Sledge anapaza sauti, analia, organi nyuma imejaa kama ibada ya Jumapili. Karen hata hahangaiki kupanda. Neno ambalo wewe mpiga gita unalitegemea liangukie kwenye pigo yeye analiacha pigo lipite kwanza, ndo analileta, tena kalipinda, silabi moja kaivuta weee mpaka unadhani kasahau mashairi, halafu anairudisha bila haraka. Pia hajabadilisha mwanaume kuwa mwanamke, kaimba vilevile, kwa hiyo Sledge anajisema mwenyewe anavyoumia ila Karen ni kama anaeleza alichokishuhudia kwa mwanaume fulani, labda ni yeye aliyemfanya hivo. Maneno yaleyale, kesi tofauti kabisa. Kama hapo bado hujashawishika ruka moja kwa moja Katie Cruel, wimbo wa mapokeo wa zamani sana, banjo yake na vayolini, hakuna ngoma, hapo ndo utajua kwamba anachofanya na sauti ni makusudi.

How Sweet It Is sikudanganyi, ile mimi naona ilikuwa ya kuwaridhisha wenye kampuni, Marvin Gaye aliyeitoa mwanzo aachiwe yake.

Mbona haikuuza? Angalia mwaka wenyewe, 1971 ndo Carole King ametoa Tapestry na Joni Mitchell ametoa Blue, msikilizaji alikuwa anataka msanii akae chini amweleze maisha yake kwa maneno aliyotunga mwenyewe, na huyu anakuja na nyimbo za watu, isitoshe jukwaa lilikuwa halimkai. Albamu ikapotea, hakutoa nyingine, akafariki 1993 akiwa na miaka 55. Iliporudishwa sokoni 2006 ndo vijana wakaanza kuulizana alikuwa wapi huyu. Halafu kumbe aliacha na mashairi kwenye makaratasi, 2015 wanamuziki wengine wakayatilia muziki ikatoka albamu nzima, Sharon Van Etten na Lucinda Williams wamo.

Sasa hela. Kule Marekani wimbo ukishatolewa rasmi mara moja, mwingine anaruhusiwa kuurekodi bila kumbembeleza mtunzi, mradi alipe kiwango cha kisheria, na kiwango hicho tangu 1909 mpaka 1978 kilikuwa senti 2 kwa kila nakala. Hiyo inaenda kwa mtunzi na mchapishaji wake. Redio za kawaida za kule, za AM na FM, zikipiga, analipwa mtunzi, mwimbaji hapati kitu mpaka leo, kwa hiyo mtu wa kopi tupu kama Karen hata wimbo ungepigwa kutwa nzima redioni asingeona senti ya redio. Za mapokeo kama Katie Cruel hazina wa kudai.

Kwenu nyie, kupiga hotelini kwa kawaida leseni ni juu ya mwenye ukumbi, ila mkitaka kurekodi na kuuza, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mwenye wimbo, mtafuteni kwanza, na ruhusa iwe ya maandishi, si ya "tumeongea na meneja wake".