Kulipwa kwa kumwangalia mzee akilala

Mnauliza kama ni kweli huku Uingereza mtu analipwa kukesha akiwaangalia wazee waliolala. Ni kweli. Ila wengi wenye demensia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) usiku hawalali, na kazi yenyewe iko hapo.

Shifti ni saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Nyumba nyingi za wazee zinataka kila mmoja apitiwe kila baada ya saa moja au mbili, kisha iandikwe: amelala, yu macho, ametoka kitandani. Sasa, kimya si usingizi. Tochi ielekeze sakafuni, usimmulike uso. Tazama kifua kinavyopanda, halafu mikono: aliyefumba macho huku vidole vinavutavuta shuka, huyo yu macho. Ukiandika "amelala", daktari ataamini alilala usiku kucha, na kusinzia kwake mchana kutaonekana ni ugonjwa umezidi. Wapo wanaojaza karatasi nzima kwa mkupuo saa kumi na moja alfajiri. Hao ni bora wasingeandika kitu.

Mashine zipo. Saa ya mkononi hupima mtikisiko tu, kwa hiyo anayelala chali akikodolea dari huhesabiwa kuwa usingizini. Na wengine huivua. Kihisio cha chini ya godoro hunasa pumzi na mapigo ya moyo bila kumgusa mtu, lakini godoro la hewa lenye pampu linaweza kukivuruga. Mkeka wa kengele kando ya kitanda hulia mzee akishaukanyaga, na pengine unamkuta yuko chini. Tena vifaa hivi havifungwi kienyeji: kama mzee mwenyewe hawezi kuamua, sheria ya 2005 kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia (Mental Capacity Act) inataka ionekane kwamba ni kwa maslahi yake.

Akiwa macho saa nane usiku, msikimbilie kidonge cha usingizi. Kinamzidishia hatari ya kuanguka. Angalia kwanza pampasi imelowa, goti linauma, au choo kimefunga. Donepezili, dawa ya demensia, ikitolewa usiku huwaletea baadhi yao ndoto kali, na daktari anaweza kuihamishia asubuhi. Aliyebadilika ghafla ndani ya siku mbili, akaanza kuweweseka, mwambie nesi usiku huohuo: huenda ni maambukizi.

Kuhusu pesa: sheria ya huku haimlazimishi mwajiri kulipa usiku zaidi ya mchana.