Maswali yenu kuhusu nusu kaputi na ganzi

Mama anafanyiwa upasuaji wa kizazi Jumatatu saa 3 asubuhi. Nesi kasema asile kitu kuanzia saa 6 usiku, bibi anataka apewe uji mwepesi saa 11 alfajiri. – Dada wa Tabata

Bibi msalimie, ila uji hapana. Ukilazwa kwa dawa, ile kinga ya kooni inayozuia chakula kuingia njia ya hewa nayo inalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, kikaingia kwenye mapafu pamoja na asidi yake. Chakula chepesi kinahitaji angalau saa 6 kabla ya dawa, cha mafuta kama chipsi saa 8, maji matupu saa 2. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi vipi, na chai ya maziwa vilevile. Hapo kwenu zingebaki saa 4 tu. Akiteleza akala, semeni. Kama si dharura wataahirisha, mtanuna, basi. Kinachoua ni kuficha.

Jirani anasema sindano ya mgongo ilimharibu kiuno alipojifungua kwa kisu. Niombe nusu kaputi? – Mama mtarajiwa, Mbagala

Mama, maumivu ya kiuno baada ya kujifungua mara nyingi ni ya ujauzito wenyewe: uzito, na homoni zinazolegeza viungo. Sindano hiyo ya ganzi huchomwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia. Kwa mjamzito nusu kaputi ndiyo yenye mitego zaidi, maana koo huvimba, mpira wa kupumulia ukawa mgumu kupita, na tumbo la mwenye uchungu wa kuzaa huchelewa kumaliza chakula. Kwa ganzi utakuwa macho. Utasikia kuguswa na kuvutwa, siyo kukatwa. Presha hushuka, ndiyo maana ya dripu na kile kitambaa kinachokubana mkono kila mara. Ukihisi kichefuchefu au kizunguzungu, sema papo hapo, usijikaze. Ukisharudi nyumbani, kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala kirudishe hospitali, kina tiba. Ila ukiwa unavuja damu nyingi, au damu yako haigandi vizuri, wao wenyewe watachagua nusu kaputi.

Nimetoka kuolewa, mikono imejaa piko, na kesho natolewa kidole tumbo. Watanikataa? – Bi harusi, Ilala

Hongera, na pole. Hawakukatai. Kile kibanio cha kidoleni hupima oksijeni kwa mwanga, na piko jeusi au rangi ya kucha iliyokolea huweza kukipotosha. Rangi ya kucha ifute. Piko waonyeshe, watakibana sikioni.

Nina presha, navuta sigara, na kuna mizizi nakunywa. Watoto hawajui hayo mawili ya mwisho. – Mzee wa Temeke

Shikamoo mzee. Mtaalamu wa usingizi ajue yote matatu. Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi hiyohiyo kwa funda la maji, lakini losartan na enalapril mara nyingi husimamishwa siku hiyo, kwa hiyo nenda na pakiti zako. Sigara, hata ukiiacha siku moja damu hubeba oksijeni vizuri zaidi; wiki nne na kuendelea, mapafu nayo hunufaika. Mizizi iache kuanzia leo, na uitaje kwa jina, maana ipo inayochezea presha na kuganda kwa damu. Kama kuna jino linalotikisika, mwonyeshe. Akianza kukuhoji, waambie watoto wakakusubiri nje, hatawasimulia.