Madogo wa fasihi linganishi, someni kitabu mpaka mwisho

Wiki hii nimekaa nyuma ya darasa nasikiliza prezentesheni za mwaka wa pili, karibu zote ni filamu ya Nosferatu ya Murnau ya 1922 na riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ya 1897, na karibu zote zinaanza na "filamu imebadilisha majina". Sawa mdogo wangu, yule vampaya mnyonya damu Dracula kawa Orlok, Jonathan Harker kawa Hutter, mkewe Mina kawa Ellen, halafu? Walichukua riwaya bila ruhusa, mjane wa Stoker akawafungulia kesi, 1925 ikaamriwa nakala ziharibiwe. Hiyo ni habari ya hakimiliki, uchambuzi bado hujaanza.

1. Taja umetumia kopi ipi, maana kuna za Kiingereza zimerudishiwa majina ya kitabuni.

2. Muziki uache. Filamu ni bubu, huo unaousikia mara nyingi umewekwa na watu wa baadae, kuna mtu kajaza kurasa mbili anasifia kinanda cha Murnau jamani.

3. Mwisho wa riwaya usomwe, sio uchunguliwe. Mimi niliandika kwamba Dracula na Orlok wote wawili wanauawa na jua. Sikuwa nimesoma, nilijua tu, nani asiyejua vampaya na jua? Na kwenye filamu ni kweli, Ellen anamkalisha Orlok chumbani mpaka jogoo anawika, jamaa anapita mbele ya dirisha, anajishika kifua, anayeyuka, kinabaki kimoshi. Basi usiku wa kuamkia prezentesheni nikafungua kurasa za mwisho za kitabu ili nipate nukuu, nikaona Dracula analitazama jua, nikasema tayari, nikalala usingizi mzuri kabisa. Kesho yake mwalimu akaniambia soma hiyo sentensi kwa sauti. Nikasoma. Jua linazama! Mtu yupo ndani ya sanduku lake anaona jua linazama na chuki machoni inageuka kuwa ushindi, maana giza likiingia nguvu zinarudi, na kinachomuua ni visu, cha Jonathan shingoni na cha mwenzake Quincey Morris moyoni. Mwalimu wala hakufoka, kaniuliza taratibu tu, "na kule Piccadilly, Jonathan alimuona saa ngapi?" Mchana, mtaani London, watu wanapita. Kwa Stoker mchana unampunguzia uwezo tu, kutembea anatembea. Darasa lilicheka mpaka mimi nikacheka, ila yale machozi hayakuwa ya kicheko.

Na kinachoniuma mpaka leo, hoja nzuri ilikuwa palepale na nikairuka: Stoker anamalizana na vampaya wake kwa kundi la wanaume wenye farasi, bunduki na ratiba za treni, Murnau kamuachia kazi yote mwanamke mmoja chumbani, na yule mwanamke anakufa wakati Mina wa kitabuni anapona. Asaimenti nzima ilikuwa hapo.

4. Riwaya ni shajara, barua na telegramu, kwahiyo kila ukurasa jiulize nani anaandika.

5. Ukimuona Orlok kabeba jeneza mtaani kweupe, tulia. Walirekodi mchana wakaipaka filamu buluu iwe usiku, kopi yako ndio imepoteza buluu. Dogo mmoja juzi kaandika "mwongozaji kasahau kanuni zake mwenyewe", nikamchorea mstari mwekundu na maneno makali pembeni, afu nikakumbuka lile jua langu. Nikafuta, nikamtumia linki ya kopi yenye rangi.