Wasomaji Wauliza: Kwani mvua nayo ina bili?

SWALI: Assalam aleikum muhariri. Mimi ni mama, naishi Shela hapa Malindi. Mtoto wa dadangu yuko Marekani, mji wa Philadelphia, na Mungu kamjaalia kanunua nyumba ndogo. Juzi kanipigia simu ana hasira, asema kwenye bili yake ya maji kila mwezi kuna laini ingine ya maji ya mvua, na yeye hayo maji hayatumii hata tone, yanapita tu. Je, ni haki au anaibiwa? Na isije ikawa na huku kwetu waanze kututoza mvua ya Mungu.
– Mama wa Shela

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Mpigie umwambie atulie, haibiwi, hio ada ipo kweli na iko kwenye miji mingi sana ya Marekani. Bellevue kule jimbo la Washington walianza tangu 1974, tena walikuwa kati ya wa kwanza kabisa. Na mvua yenyewe hailipiwi. Kinacholipiwa ni kazi ya kuyapokea yale maji yakishatoka kwake, mabomba ya chini ya barabara, mitaro, kuzibua, kukarabati.

Angalia uwanja wa zamani wa kwetu, mchanga mtupu na mnazi mmoja na mwarobaini, mvua ikipiga maji yanazama papo hapo. Sasa ezeka mabati halafu mwaga simiti mpaka getini uone. Hesabu yake rahisi: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivo bati la mita 10 kwa 10, asubuhi moja ya mwezi wa tano ikinyesha milimita 50, hizo ni lita 5,000, yani lile tangi jeusi kubwa limejaa mpaka mdomoni, na ni paa moja tu hujahesabu uwanja. Hayo maji lazima yaende mahali, na yakitoka kwako yanakuwa shida ya mtu mwingine.

Philadelphia shida yao ni kubwa manake karibu asilimia 60 ya mji, maji ya choo na maji ya mvua yanapita bomba moja. Mvua ikizidi bomba linajaa na uchafu unafurika mtoni. Ndo mwaka 2011 wakaanza mpango wa miaka 25 wa kufanya mvua izame ardhini kabla haijafika bombani. Na zamani ada yao ilifuata ukubwa wa mita ya maji, kwa hivo mwenye kiwanja kikubwa cha kuegesha magari, lami tupu, hana hata mfereji mmoja wa maji, alikuwa halipi kitu na yeye ndiye anamwaga maji kuliko wote! Kuanzia 2010 wakageuza, majengo ya biashara yakaanza kupimwa: asilimia 80 ya ada inahesabiwa kwa sehemu ngumu isiyonyonya maji, paa na lami na simiti, na asilimia 20 kwa ukubwa wa kiwanja chote.

Nyumba za kuishi wao hawazipimi mojamoja, zote zinalipa kiwango kimoja kilichotokana na nyumba ya wastani. Hapo naona huyo kijana ana haki ya kunung'unika kidogo, manake nyumba yake ndogo analipa sawa na mwenye kubwa. Lakini wizi si wizi.

SWALI: Muhariri, mimi nina ploti Maweni, vyumba sita vya kukodisha. Nilitandika kabro uwanja wote sababu ya tope, na masika iliyopita jirani kaja juu ati maji yangu yanaingia jikoni kwake. Nimesikia habari ya hio ada ya maji ya mvua. Ikija huku itahesabiwa vipi na nani atalipa, mimi au wapangaji? Halafu ardhi si yangu, mimi nina nyumba tu.
– Landilodi, Maweni

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ni zito kuliko unavyofikiria.

Miji mingi ya Marekani inatumia kipimo cha nyumba moja ya kawaida. Wanapiga picha kutoka juu kwa ndege, wanatafuta nyumba ya wastani ina mita ngapi za mraba za paa na simiti, hio ndo inakuwa fungu moja. Tuseme fungu ni mita 200. Duka kubwa lenye mita 4,000 za paa na lami litalipa mafungu 20. Mji wa Washington DC fungu lao ni futi 1,000 za mraba, kama mita 93 hivi. Na tahadhari, changarawe iliyoshindiliwa na magari miji mingi wanaihesabu kama simiti tu. Ukiona wamekupimia vibaya, labda umebomoa banda na bado liko kwenye picha ya zamani, unapeleka malalamiko wanarekebisha. Na ukichimba bwawa la kushika maji au bustani ya kuyanyonya, miji mingi wanakupunguzia.

Kwa kawaida bili inamfuata mwenye mali, mpangaji anaiona tu ndani ya kodi. Lakini huko nyumba na ardhi mara nyingi ni za mtu mmoja. Sisi Pwani tuna nyumba bila ardhi, mwenye shamba ni mwingine na mwenye kuta ni mwingine. Mimi maoni yangu ni kwamba aliyetandika kabro ndiye alipe, mwenye ardhi aliiacha mchanga.

Kisheria, Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne imeziachia kaunti kazi ya maji ya mvua kwenye sehemu zilizojengwa, na Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza reti za ardhi na pia ada za huduma. Reti zetu tulizozoea zinaangalia thamani ya ardhi, hazijali umemwaga simiti kiasi gani. Mlango wa ada kama hio uko kisheria, ila mimi nasema kabla mtu hajaletewa bili aonyeshwe kwanza mtaro unaofanya kazi.

Sasa jirani yako. Masika iliyopita nilikaa barazani nikatazama maji ya mtaani kwetu yanavyokwenda. Dakika za kwanza hakuna kitu, halafu kila geti linatoa mkondo wake, kandambili zikapita, makaa, mfuko wa maziwa, na mtaro mbele umezibwa na makumbi ya madafu, basi maji yakarudi nyuma yakaingia nyumba ya chini kabisa ambayo haina hata kabro moja. Yule mama alikuwa anayachota na sufuria. Niliona uchungu sana manake bomba la gata langu mimi lilikuwa linaelekea huko huko.

Kwa hivo ng'oa mstari wa kabro kando ya ukuta wa jirani, upana wa nusu mita, chimba ujaze kokoto. Zile zilizobaki kama ulizifunga na simiti katikati zibandue uzirudishie juu ya mchanga bila simiti. Gata ulete kwenye tangi, na tangi likijaa maji yaende kwenye shimo la kokoto la kunyonya, liwe mbali na septiki na mbali na kisima, usije ukaunganisha uchafu na maji ya watu. Na uende kwa jirani mwenyewe, usimtume mpangaji.

SWALI: Je, huko Marekani misikiti na makanisa pia yanalipa hio ada ya maji ya mvua?
– Mwanakamati wa msikiti, Malindi

JIBU: Sehemu nyingi ndio, na shule pia, kwa sababu wanasema ni ada ya huduma wala si kodi. Hata serikali kuu ya Marekani yenyewe ilipitisha sheria, ikatiwa saini mwanzo wa 2011, kwamba majengo yake yalipe. Lakini ugomvi umekuwepo. Mwaka 1998 mahakama ya juu ya jimbo la Michigan iliamua kwamba ada ya mji wa Lansing ni kodi iliyovaa jina la ada na wananchi walitakiwa wapige kura kwanza. Maryland nao 2012 wakapitisha sheria ya kuzilazimisha kaunti kubwa zitoze, watu wakaiita kodi ya mvua, kelele zikawa nyingi, 2015 ile lazima ikaondolewa.

Ila shehe, paa la msikiti ni kubwa, na wazee wetu walikuwa wakiyavuna hayo maji ya paani yakaingia birikani watu wakatawadhia. Kama lenu siku hizi linamwaga barabarani, pandisheni mtu aangalie gata sasa kabla ya vuli, na mniandikie kama birika la zamani bado lipo au lilifukiwa.